Pacha wa Iringa na kamba ya Makambako

Mzee wa stoo aliitwa Mbeya siku ya Jumatano. Alipanda basi Makambako alfajiri, daftari lake kalizungushia gazeti na kulisokomeza ndani ya koti lisilowe, akafika ofisini saa nne kasoro, viatu bado vina tope la huko alikotoka. Mimi nilikuwa nimeshakaa, upande wa wanaouliza. "Kamwene," akasalimia, wakubwa wakaitikia kwa sauti ya chini. Karatasi iliyokuwa mezani niliitengeneza mimi. Ilisema mifuko 212 ya mbolea ya kupandia imetoka stoo kwake bila mkopo wowote kuidhinishwa.

Nitarudi kwenye chumba kile. Kwanza nieleze tulifikaje pale, maana makosa yangu hayakuanza siku hiyo, na yale madogo yaliyotangulia yangenizindua kama ningeyasikiliza.

Mimi ni mtunza kanzidata, yaani ghala la taarifa za kompyuta, kwenye taasisi inayokopesha wakulima pembejeo. Jina lake naliacha. Kanzidata kuu ya mikopo iko Mbeya, inaendeshwa na programu ya Oracle toleo la 19c. Stoo kuu ya mbolea na mbegu iko Makambako, nayo ina seva na kanzidata yake. Iringa tuna nakala ya kanzidata ya mikopo, ya akiba, ili Mbeya ikiungua au ikipigwa na radi tusianze kuwahesabu wakulima upya. Ofisini tunamwita pacha. Kila badiliko linalofanyika Mbeya huandikwa kwenye kumbukumbu za mabadiliko, kumbukumbu zile husafirishwa hadi Iringa, na pacha huzifuata mstari kwa mstari. Toka Oracle 11g ya mwaka 2007 inawezekana kumfungua pacha asomwe huku akiendelea kupokea mabadiliko, ila huduma hiyo, Active Data Guard, inalipiwa peke yake juu ya leseni ya kawaida. Usiiwashe kimyakimya ukidhani haitaonekana. Matumizi yake yanajiandika ndani ya kanzidata yenyewe, na siku wakaguzi wa leseni wakija watayakuta. Sisi tuliilipia, na mimi ndiye niliyeipigania kwenye vikao viwili, kwa hiyo nilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba fedha haikupotea.

Sababu yenyewe ilikuwa Novemba. Mvua za kwanza zikidondoka Nyanda za Juu Kusini kila mtu anataka mbolea wiki ileile: Mbozi, Mbarali, Rungwe, Wanging'ombe. Maofisa mikopo wanaingiza maombi mfululizo, na saa hiyohiyo makao makuu wanataka ripoti za kulinganisha mikopo na mifuko iliyotoka. Ripoti moja nzito ilikuwa inaikaba kanzidata kuu mpaka ofisa wa Tukuyu anasubiri dakika nzima ukurasa mmoja ufunguke, na mkulima amesimama dirishani mvua inamnyeshea. Nikapendekeza ripoti zote zihamie Iringa. Kikaoni nikatamka sentensi ambayo wenzangu bado wananitania nayo: "Iringa ni ya kusoma tu, hata mtu akitaka kuharibu hawezi."

Ripoti za mikopo peke yake zilihamia bila shida. Tatizo ni ile ya kulinganisha, kwa sababu inahitaji kuchungulia kanzidata ya Makambako. Kwa hilo kuna kiungo cha kanzidata. Unaita jedwali la mbali kwa kuongeza alama ya @ na jina la kiungo, na linasomeka kana kwamba liko kwako. Sisi viungo hivyo tuliviita kamba.

Jaribio la kwanza niliingia Iringa nikaandika amri ya kutengeneza kamba. Ikanirudishia kosa ORA-16000: kanzidata imefunguliwa kwa kusoma tu. Hilo nilistahili, maana kamba ni maandishi ndani ya kanzidata na pacha haandikwi. Unaitengeneza Mbeya, nayo inasafiri pamoja na mabadiliko mengine. Baada ya sekunde chache nikaiona Iringa, nikafurahi, nikaijaribu. ORA-12154: jina la huduma halijulikani. Kamba ilisafiri, lakini ndani yake kulikuwa na jina fupi tu, STOO, na jina hilo hutafutwa kwenye faili la tnsnames.ora la mashine inayoitumia. Faili la Mbeya lilikuwa nalo, la Iringa halikuwa nalo. Nikafanya uvivu. Badala ya kuandika mistari mitano kwa mkono nilinakili faili zima kutoka kompyuta yangu ya majaribio. Kamba ikakubali, ripoti ikatoka, na mameneja wakaisoma asubuhi nzima kabla dada mmoja wa uhasibu hajaniuliza kwa nini mbegu tulizoacha kuuza msimu uliopita bado zimo. STOO ya kompyuta yangu ilikuwa inaelekea kwenye kanzidata ya majaribio.

Asubuhi moja ilipotea, hakuna aliyeumia, nikacheka na wenzangu. Sikupaswa kucheka. Kamba ileile, jina lilelile, ikiitwa Mbeya inafika sehemu moja na ikiitwa Iringa inafika nyingine. Siku hizi anwani kamili ya seva naiandika ndani ya kamba yenyewe, mwenyeji, bandari (mlango wake wa mtandao) na huduma, ili ikisafiri isafiri na mwelekeo wake. Na kabla ya kuikabidhi naiuliza kutoka pande zote mbili: wewe uliyeko huko mwisho, jina lako nani?

Kisha likaja la kamba mbili. Taasisi yetu hurejeshewa mikopo mingine kwa kahawa, na mizani ya kahawa kule Mbozi ina kanzidata yake ndogo. Programu ya ripoti ilikuwa inavuta kamba ya Makambako, inasoma, halafu palepale inavuta kamba ya Mbozi. Mbeya ilifanya hivyo miaka mitatu bila kikohozi. Iringa ikagoma kwenye kamba ya pili. Nilikaa nayo usiku kucha. Ukiijaribu ya Mbozi peke yake inakwenda, ya Makambako peke yake inakwenda, ukizifuatanisha haziendi. Nilikuwa nimefika mahali pa kulaumu mtandao.

Jibu limeandikwa kwenye mwongozo wa Oracle, kwenye kipande kinachoeleza mipaka ya kanzidata ya kusoma tu, ambacho sikuwahi kukisoma kwa kuwa nilidhani najua maana ya kusoma tu. Ukiwa ndani ya kanzidata ya aina hiyo ni lazima ufunge muamala (kazi inayokubaliwa au kufutwa yote kwa pamoja) unaohusu kamba ya kwanza, kwa COMMIT ya kuukubali au ROLLBACK ya kuufuta, kabla ya kugusa kamba ya pili. Hata kama ulichofanya ni SELECT tupu, amri ya kusoma. Wengi hapo hukunja uso: muamala gani tena wakati nimesoma tu? Ila kwa Oracle, kuvuta kamba kunafungua muamala hata usipoandika herufi, kwa sababu haijui kama sekunde inayofuata hutaandika. Na muamala unaogusa sehemu mbili za mbali unahitaji msimamizi wa kuweka kumbukumbu ya nani kakubali na nani bado. Pacha haruhusiwi kuandika kumbukumbu hiyo. Ndivyo nilivyoelewa mimi, na toka nilipoelewa hivyo sijasahau tena.

Kwa hiyo kila kipande cha ripoti chenye kamba sasa kinaanza na COMMIT, kisha SET TRANSACTION READ ONLY, kisha kusoma, kisha COMMIT nyingine. Hiyo SET TRANSACTION lazima iwe ya kwanza kwenye muamala, ukiitangulizia kitu kingine unapewa kosa ORA-01453. Kulikuwa na kwiri moja, yaani ombi la kusoma data, iliyounganisha Makambako na Mbozi katika sentensi moja, na hiyo haikugawanyika kwa COMMIT. Nikaihamishia kazi Makambako. Kanzidata ya kule, ambayo inaandikwa kama kawaida, ikapewa kamba yake ya kwenda Mbozi, na pacha akabaki anavuta moja tu. Na ukimaliza, funga kamba kwa ALTER SESSION CLOSE DATABASE LINK, baada ya COMMIT. Usipoifunga inabaki wazi hadi kikao, yaani muunganisho wa programu na kanzidata, kiishe, na programu za ripoti hazimalizi vikao, huviweka akiba. Seva ya Makambako ni ndogo. Niliikuta siku moja imejaa wageni wa Iringa waliokaa kimya tangu juzi.

La prosija, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya kanzidata, nitalipita haraka. Ripoti iliita prosija moja iliyoko Makambako ya kupiga hesabu ya bakaa. Ilikuwa inakataa Iringa, inakubali Mbeya. Sababu: kanzidata ya kusoma tu haiwezi kuita prosija ya mbali ambayo haijawahi kuitwa kutoka kwenye kanzidata hiyo, kwa kuwa mara ya kwanza kuna maelezo ya kuhifadhi, na pahali pa kuhifadhi hapaandikiki. Tuliiita mara moja Mbeya, maelezo yakasafiri, Iringa ikakubali. Wiki mbili baadaye fundi wa Makambako akaikompaili, yaani akaijenga upya, na ikavunjika tena, maana kwa kawaida Oracle hulinganisha muhuri wa saa. Weka REMOTE_DEPENDENCIES_MODE kuwa SIGNATURE kwenye vikao vya ripoti, ilinganishe umbo la prosija badala ya saa yake. Mimi mwishowe niliitoa kabisa nikaandika jedwali la kutazama, yaani kwiri iliyohifadhiwa inayosomeka kama jedwali, na sijutii.

Sasa niseme lililonitoa jasho. Tulikuwa na kijana wa mafunzo kazini, mchapakazi, anapenda kujaribu. Nilimpa akaunti ya Iringa kwa sababu ileile: huko hawezi kuharibu. Ijumaa moja jioni akanipigia niko Mwanjelwa nanunua viazi.

"Kaka, samahani. Nilikuwa najaribu ile ya kubadilisha bei ya mbegu, nikaipitishia Iringa ili igome nione kosa lake."

"Ikagoma?"

"Imekubali, kaka. Inasema mistari 37 imebadilishwa."

Viazi niliviacha kwenye mizani ya mama wa watu. Nilimwambia asiguse kitu, na hasa asiandike EXIT, kwa sababu SQL*Plus, programu aliyokuwa anaandikia amri, ukitoka kistaarabu kwa amri hiyo hupiga COMMIT yenyewe. "Andika ROLLBACK, nisomee inachojibu." Akasoma. Nikamwambia asome tena. Bei za Makambako zikabaki zilivyokuwa, ila karani wa kule aliniambia baadaye kwamba skrini yake iliganda kama robo saa alipokuwa anataka kurekebisha bei ya mahindi ya mbegu. Mistari ilikuwa imefungwa na kijana wetu aliyekaa Mbeya, kupitia Iringa.

Usiku ule nilisoma mwongozo kwa macho mengine. Imeandikwa wazi, kwenye orodha ya yanayoruhusiwa kwa pacha wa kusomwa: kutumia kamba kuandika kwenye kanzidata za mbali. Wala si hitilafu, wameikusudia. Kusoma tu ni sifa ya ile nyumba uliyomo. Kamba inatoka nje ya nyumba, na nguvu yake ni ile ya akaunti iliyoandikwa ndani yake. Yangu ilikuwa na akaunti ya nani? Mwenye majedwali yote ya stoo. Niliitumia kwa kuwa nilikuwa nalijua neno lake la siri. Na kamba nilikuwa nimeitengeneza ya PUBLIC, yaani yeyote aliyepewa mlango wa Iringa, hata wa kuchungulia, alikuwa amepewa na funguo za Makambako. Wiki sita ilikaa hivyo.

Marekebisho yalichukua siku moja, na ndiyo ningemwambia mtu ayafanye kabla ya yote. Kule Makambako tulitengeneza akaunti mpya isiyomiliki kitu. Ina ruhusa ya kuingia, na ya kusoma majedwali matatu ya kutazama tuliyoyaandaa kwa ajili ya ripoti. Ruhusa tuliyotoa ni READ. Siyo SELECT. Wengi hawajui tofauti, mimi pia sikuijua. Mwenye SELECT anaweza kuongeza FOR UPDATE na kufunga mistari ya watu, au hata kulifunga jedwali zima, bila kubadilisha chochote. READ, iliyokuja na Oracle 12.1.0.2, hairuhusu hilo. Kamba ya PUBLIC tuliifuta, tukatengeneza ya binafsi chini ya akaunti moja ya ripoti. Halafu tukarudia kwa makusudi jaribio la yule kijana, yeye mwenyewe akiwa kwenye kibodi. Likagoma. Alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mkifanya hivyo angalieni pia umri wa neno la siri. Akaunti mpya ikiachwa kwenye masharti ya kawaida ya Oracle, neno lake linaisha baada ya siku 180, na kamba inakatika siku ambayo hukuipanga. Kubadilisha neno ndani ya kamba kunafanyika Mbeya tu. Na kwa walio na 19c, kagueni ADG_REDIRECT_DML. Ikiwa imewashwa, maandishi anayoandikiwa pacha hayagomi, yanapelekwa kanzidata kuu kimyakimya. Ina kazi zake. Kwetu ilikuwa imezimwa, nashukuru, maana kwa mwendo niliokuwa nao ningeiwasha.

Basi nikajiona nimemaliza. Kamba ni salama, haiandiki, haifungi, inaelekea inakotakiwa. Ripoti ya kulinganisha ikaanza kutoka kila jioni saa kumi. Safu ya mwisho ilikuwa ya mifuko iliyotoka bila mkopo. Kwa kawaida ilisoma sifuri, au mifuko miwili mitatu yenye maelezo.

Jumanne ile ikasoma 212.

Mkaguzi hakunipigia mimi, alimpigia meneja, na meneja akapiga Makambako. Mimi niliambiwa tu nije asubuhi na ripoti iliyochapishwa. Usiku nilijisikia vizuri, nikubali. Niliwaza: tazama, mfumo umemnasa mtu. Nilimfahamu mzee kwa sauti ya simu tu.

Chumbani alipopewa karatasi aliiangalia muda mrefu, akavaa miwani, akafungua daftari. Kila mfuko ulikuwa na mstari: jina la mkulima, kijiji, namba ya mkopo, saa. Akaanza kusoma namba za mikopo moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayeita majina darasani. Mkaguzi akanigeukia: hizo namba zipo? Nikafungua kompyuta, nikaiendesha ripoti upya palepale, nikiwa na hakika. Safu ya mwisho ikaja. Sifuri.

Nikaendesha tena. Sifuri.

Sijui nilikaa kimya muda gani. Mzee hakusema neno. Alikunja miwani.

Ilinichukua siku mbili kuielewa sawasawa. Mtandao kati ya Mbeya na Iringa ulikatika Jumanne saa sita mchana, ukarudi usiku. Pacha alibaki na mikopo ya hadi saa sita. Laini ya Iringa na Makambako ni ya mtoa huduma mwingine, ilikuwa nzima. Kwa hiyo saa kumi ripoti ilisoma mikopo ya saa sita kwa pacha, na kupitia kamba ikasoma mifuko ya saa kumi, mbichi kabisa. Kila mkopo ulioidhinishwa mchana ule ulionekana kwenye mbolea na haukuonekana kwenye mikopo. Usiku mtandao uliporudi, pacha alivuta kumbukumbu zilizopungua mwenyewe na kujisawazisha, kisha asubuhi mimi nikaja na karatasi ya jana.

Kinachouma ni kwamba nilikuwa na mlinzi. Kabla ya ripoti programu iliangalia V$DATAGUARD_STATS, mahali pacha anapotangaza kachelewa kiasi gani. Siku ile ilitangaza sifuri. Takwimu ile inapigwa kwa alichopokea. Mbeya ikinyamaza kabisa, pacha hana habari kwamba kuna cha kupokea, anaendelea kurudia jibu la mwisho. Pembeni yake kuna safu iitwayo DATUM_TIME, inayoonyesha lini habari ya mwisho ilifika. Ikisimama mahali pamoja, takwimu ya kuchelewa haina maana. Mimi nilikuwa nasoma safu moja nikaiacha jirani yake.

Sasa tunafanya hivi. Mbeya kuna jedwali dogo tuliloliita mapigo, lina mstari mmoja, na kila dakika linaandikwa saa ya wakati huo. Ripoti inapoanza Iringa inasoma mapigo kwa pacha. Yakiwa yamepita dakika kumi, inasimama na kusema imesimama. Yakiwa mapya, saa ile inakuwa ukomo: kwa Makambako tunaomba mifuko iliyotoka hadi saa hiyo na si zaidi. Pande zote mbili zinasomwa kama zilivyokuwa saa ileile. Juu yake tumeweka STANDBY_MAX_DATA_DELAY kwenye vikao vya ripoti, inayomlazimisha pacha kukataa kwa ORA-03172 akijua kachelewa kupita kiasi ulichotaja. Mapigo nayaamini zaidi, kwa kuwa nayaona kwa macho.

Taasisi ilimwomba mzee radhi kwa mdomo na kumlipia nauli. Mimi niliona haitoshi, Jumamosi nikapanda basi. Baridi ya Makambako unaijua ukishuka tu. Nilimkuta stoo, kakaa juu ya mifuko, kikombe cha chai mkononi. Nilianza kumweleza habari za pacha na mtandao, akaniacha niongee mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu," akasema, "ile karatasi yenu haikuwa na saa. Nilitafuta saa, sikuiona."

Ilikuwa na tarehe. Saa haikuwa nayo. Daftari lake lina safu ya saa toka ukurasa wa kwanza, kaipiga mstari kwa rula.

Akaniagizia chai na viazi vya kuchemsha. Tulikula tunaangalia malori yanayopinda kuelekea Njombe, akaniuliza nyumbani ni wapi, nikamwambia Tukuyu, akanitania kuhusu ndizi.

Wiki iliyofuata ripoti ilitoka na mistari miwili juu kabisa: mikopo hadi saa fulani, stoo hadi saa fulani. Nakala ya kwanza tulimtumia yeye. Alinipigia jioni ileile. Karatasi imeandika 15:55, akasema, na daftari lake linasema saa kumi kasoro dakika tano, sasa yeye alinganishe vipi? Nilimwahidi nitaibadilisha ije kwa saa za kwetu. Ilikuwa mistari minne ya programu.